Sadaka zinampita mgonjwa wa akili

Krismasi na Pasaka zinapokaribia, kwaya, jumuiya na vikundi vya akina mama makanisani huchangishana na kufunga safari kwenda kwenye vituo vya watoto yatima. Gari hupakiwa mchele, mafuta ya kula, sabuni, madaftari na katoni za juisi. Ni jambo jema na liendelee. Lakini kando ya barabara linamopita gari hilo yupo mtu mzima wa miaka 30 au 40, amelala kwenye baraza la duka, nguo zimemchakalia mwilini, anazungumza na watu wasioonekana. Hakuna kikundi kilichomweka kwenye orodha. Wanaolijua jina lake ni wachache, wengi humwita "yule chizi wa stendi", na gari la sadaka linampita.

Kwa ajili ya mtu huyo gazeti hili linapiga mbiu. Huduma ya Kikristo kwa watu wazima wenye magonjwa ya akili nchini mwetu imebaki mabegani mwa vituo vichache. Fedha za nje zilizovishikilia kwa miongo mingi ziko hatarini kukauka, na waumini wa hapa nyumbani hawajazoea kuvichangia. Tukiendelea hivi, mgonjwa ataachiwa mambo mawili tu: barabara au mnyororo.

Tunasema mtu mzima kwa makusudi. Skizofrenia, ugonjwa ambao mtu akiwa nao mitaani husemwa amerukwa na akili, mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini ya maisha. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa unampata mtu mmoja kati ya 300, na kwa watu wazima pekee mmoja kati ya 222. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Kwa makadirio hayo, wanaoishi na ugonjwa huu mmoja tu nchini wanafikia kama 200,000. Hapo hatujagusa sonona, wala wale ambao hisia zao hupanda na kushuka kupita kiasi, wala walioharibiwa akili na pombe na dawa za kulevya, wala wenye kifafa, ambao kwa kawaida hutibiwa kwenye kliniki hizohizo.

Umri huo ndio unaomponza. Mtoto akiugua, kila mtu humwonea huruma. Mzee akianza kusahau, husemwa ni uzee. Lakini kijana wa miaka 25 mwenye mikono miwili na miguu miwili akishindwa kuamka kwenda kazini, huitwa mvivu. Akianza kusema peke yake, huitwa mvuta bangi. Akigeuka mkali, ndugu humkimbia, na mke, kama alikuwa naye, hurudi kwao na watoto. Picha ya mtoto anayetabasamu hufungua mifuko ya wafadhili, nayo picha ya mwanamume mwenye nywele zilizogandamana haifungui kitu. Kwa hiyo hata watu wenye nia njema, wanapopanga kazi ya huruma, humruka bila kujua kwamba wamemruka.

Kwa mwanamke hali ni mbaya zaidi. Mwanamke mgonjwa anayelala nje hubakwa, hushika mimba, hujifungua mtoto ambaye hawezi kumlea. Mtoto huyo huchukuliwa na maofisa wa ustawi wa jamii na kupelekwa kituoni. Wanaokwenda na mchele na madaftari wajue kwamba miongoni mwa watoto wanaowapa zawadi wamo ambao si yatima hata kidogo. Mama zao wako hai, wako mtaani, na dawa ya kuwatuliza ipo. Tunamhudumia mtoto kwa sababu tulimwacha mama.

Wapo Wakristo waliokwisha kuonyesha kwamba inawezekana kufanya vingine. Kwenye miinuko ya Usambara, katika Wilaya ya Korogwe, ipo Hospitali ya Lutindi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wa namna hiyo walipopungua, makao hayo hayakufungwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalianza kuwapokea watu wazima wenye magonjwa ya akili ambao hakuna aliyewataka, na ndiyo maana Lutindi hutajwa kuwa hospitali ya kwanza ya magonjwa ya akili Afrika Mashariki. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, ambayo leo ndiyo ya taifa, ilikuja baadaye, katika miaka ya 1920.

Cha kuangalia Lutindi ni jinsi siku inavyopita. Mgonjwa akishatulia kwa dawa, hapewi kitanda akakaa akisubiri jioni. Kuna chai ya kuchuma mashambani, kuna bustani, kuna useremala na kazi nyingine za mikono. Mtu aliyefika amefungwa kamba hujikuta wiki kadhaa baadaye akiwa na kapu mgongoni katikati ya mistari ya michai, anaulizwa amechuma kiasi gani, anasifiwa au anahimizwa. Anarudishiwa jambo ambalo ugonjwa ulimnyang'anya mapema kuliko yote, nalo ni kutegemewa na mwenzake. Sala zipo asubuhi, na dawa zipo vilevile. Hakuna anayeona kwamba kimoja kinakifukuza kingine.

Ukanda wetu una ushahidi mwingine. Shirika la kitawa la Mabruda wa Upendo, lililoanzishwa mjini Ghent nchini Ubelgiji mwaka 1807 na Padri Petrus Jozef Triest, lilichukua mwaka 1815 kazi ya kuwatunza wanaume wagonjwa wa akili waliokuwa wamefungiwa ndani ya ngome kuukuu ya mji huo. Tangu hapo kuwafungua wagonjwa minyororo imekuwa sehemu ya wito wao. Leo mabruda hao ndio walio nyuma ya hospitali ya Ndera jijini Kigali, kituo cha Kamenge jijini Bujumbura, Sosame jijini Bukavu na Tulizo Letu jijini Goma. Katika miji hiyo, mtu akipatwa na ugonjwa mzito wa akili, mara nyingi mlango wa kwanza wa hospitali kufunguka ni wa watawa. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu ikafuata Februari mwaka huohuo. Wagonjwa wa akili hawasubiri vita viishe ndipo waugue. Vita ndivyo vinavyowaongeza.

Na asiseme mtu kwamba kazi hii ni ya mashirika makubwa yenye makao Ulaya. Afrika Magharibi yupo Grégoire Ahongbonon, mzaliwa wa Benin, fundi wa matairi asiye daktari wala padri, ambaye naye maisha yalipomgeukia alifika mahali pa kutaka kujiua. Alipopata nafuu, alianza mjini Bouaké, Ivory Coast, kuwaokota wagonjwa wa akili waliokuwa wakizurura na kuwafungua waliofungwa kwenye miti vijijini. Chama chake cha Mtakatifu Kamili kimefungua vituo katika nchi kadhaa za ukanda ule, na katika vituo hivyo wengi wanaowahudumia wagonjwa ni watu waliokuwa wagonjwa wenyewe. Fundi wa matairi aliweza kuanza. Dayosisi yenye shule, hospitali, benki na mashamba itasema nini?

Basi hatari iko wapi? Iko kwanza kwenye fedha. Huduma nyingi za namna hii zilizaliwa na misheni za Ulaya na zimeendelea kulishwa na urafiki na makanisa ya huko. Makanisa hayo yanapungua kwa kasi. Nchini Ujerumani, ambako kodi ya kanisa hulipwa na waumini walioandikishwa, Wakatoliki zaidi ya 520,000 walijiondoa rasmi katika mwaka 2022 peke yake, na Waprotestanti waliojiondoa mwaka huo walikuwa mamia ya maelfu pia. Kila anayetoka hutoka na mchango wake. Tusitarajie bibi wa kijiji fulani cha Ujerumani aendelee kumnunulia dawa kijana wa Korogwe miaka 20 ijayo, wakati wajukuu zake mwenyewe hawaingii tena kanisani.

Hatari ya pili ni kile kinachompata mgonjwa akishatoka wodini. Tufuate safari moja ya kawaida, ambayo mhudumu yeyote wa kliniki ya akili ataitambua. Kijana anaanza kukosa usingizi. Anasema majirani wanamsikiliza kupitia simu. Anaacha kuoga, anamsukuma mama yake. Familia inauza mbuzi, inampeleka kwa mganga, kisha kwenye maombi, na miezi inapita. Siku akivunja vioo vya gari la watu, polisi wanaitwa, anafungwa kamba na kufikishwa hospitali. Wiki chache za dawa zinamtuliza. Anaanza kumuulizia mama yake. Anaruhusiwa na bahasha ya vidonge vya mwezi mmoja.

Bahasha ikiisha, zahanati ya kijijini haina haloperidoli. Anaambiwa aende hospitali ya wilaya, na nauli inazidi bei ya vidonge vyenyewe. Sindano ya flufenazini, ambayo mgonjwa huchomwa takoni kila baada ya wiki kadhaa ili asitegemee vidonge vya kila siku, leo ipo, kesho imekwisha. Zaidi ya hayo, dawa zinamtetemesha mikono, zinamjaza mate mdomoni na kumfanya atembee kwa kukakamaa. Hakuna aliyemweleza kwamba kuna kidonge cha kupunguza adha hizo, wala kwamba dozi inaweza kurekebishwa. Anaziacha. Baada ya miezi michache yuko barabarani tena, na kijiji kinahitimisha kwamba dawa za hospitali hazifui dafu mbele ya ugonjwa huu.

Kwa sera ya nchi, matibabu ya magonjwa ya akili yamo katika huduma za msamaha, yaani mgonjwa hapaswi kulipa. Lakini msamaha wa dawa isiyokuwepo kwenye rafu haumsaidii mtu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba serikali duniani kwa wastani hutenga takriban asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa afya ya akili. Shirika hilo limeeleza pia kwamba watu wenye magonjwa mazito ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao, wengi wao kwa magonjwa ya kawaida ya mwili yanayotibika. Maana yake wanakufa kwa moyo, kwa kisukari, kwa kifua kikuu, kwa sababu hakuna anayeshughulika kuwapima presha wala kuwasikiliza wanapokohoa.

Hatari ya tatu ni ile inayotuuma zaidi kuitaja, kwa kuwa inafanywa kwa jina la Kristo. Pale huduma yenye maarifa inapokosekana, hujitokeza makambi ya maombi yanayomchukua mgonjwa, kumnyima chakula kwa jina la kufunga, kumvua dawa zake kwa jina la imani, na kumfunga mguu kwenye mti au nguzo mpaka pepo amtoke. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza kuwa ufungaji wa watu wenye magonjwa ya akili umeonekana katika nchi karibu 60, majumbani, kwa waganga, na kwenye vituo vya dini, vya Kikristo na vya Kiislamu. Baadhi ya nchi hizo ni za ukanda wetu. Wazazi wanaompeleka mtoto wao huko si wakatili. Wengi wamechoka, wamefilisika, na hapo ndipo mahali pa kwanza ambapo mtu aliwafungulia mlango bila kuwauliza barua ya rufaa.

Wahubiri wa makambi hayo hupenda kisa cha Mgerasi katika sura ya 5 ya Injili ya Marko, mtu aliyeishi makaburini akijikatakata kwa mawe. Wakisome mpaka mwisho. Minyororo iliyotajwa humo ilikuwa ya wanakijiji, na haikumsaidia kitu. Yesu hakuongeza mwingine. Watu walipokuja walimkuta mtu yule ameketi, amevaa nguo, akili zake timamu. Na alipoomba aondoke pamoja na Yesu, alirudishwa nyumbani kwa watu wake. Nguo, utulivu na kurudi kwa jamaa: hivyo vitatu ndivyo kipimo cha huduma ya Kikristo kwa mgonjwa wa akili. Kambi inayomweka mtu uchi, kwenye mnyororo, mbali na kwao, imekipa kisogo kisa hicho hata kama inakihubiri kila wiki.

Hatusemi watu wasiombewe. Muumini anayeugua ana haki ya kuombewa na kanisa lake, na kwa wengi sala ndiyo inayowapa nguvu ya kuvumilia ugonjwa wa muda mrefu. Tunasema sala isiwe sababu ya kumnyang'anya mtu dawa. Tunayo hata matokeo ya utafiti wa kutuongoza. Katika miji ya Kumasi nchini Ghana na Ibadan nchini Nigeria, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 307 waliokuwa mikononi mwa waganga wa jadi na viongozi wa maombi. Upande mmoja, viongozi hao walishirikiana na wahudumu wa afya wa kawaida waliokuja kumwona mgonjwa na kumpa dawa palepale. Baada ya miezi 6, wagonjwa wa upande huo walikuwa wamepata nafuu kubwa kuliko wenzao, na gharama za matunzo yao zilipungua zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet.

Lakini utafiti mwingine uliofanyika kwenye kambi moja ya maombi nchini Ghana na kuchapishwa mwaka 2018 unatupa tahadhari. Wagonjwa waliopewa dawa kambini walipungukiwa na dalili za ugonjwa, ila siku walizokaa kwenye minyororo hazikupungua. Dawa ilituliza akili, mnyororo ukabaki pale pale. Hii ina maana kwamba kumleta muuguzi kambini hakutoshi. Mwenye kambi lazima aambiwe na wakubwa wake wa kanisa, na sheria pia, kwamba kumfunga mgonjwa ni marufuku. Ghana ilitamka marufuku hiyo mwaka 2017. Sisi tuna Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na mwaka 2009 tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, unaowahusu pia watu hawa. Tunaitaka Serikali itumie kile ambacho Bunge limekwisha kukitunga.

Kuna watakaosema kazi ya kanisa ni Injili na kazi ya Serikali ni tiba. Historia ya nchi hii haikubaliani nao. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitia saini makubaliano ya kushirikiana katika afya na elimu, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo kusimamia upande wa makanisa. Katika wilaya nyingi hospitali teule ni ya kanisa. Mama mjamzito, mtoto mwenye malaria na mgonjwa wa ngiri wanapokelewa humo. Tunauliza ni hospitali teule ngapi zina chumba tulivu, muuguzi aliyesomea magonjwa ya akili na siku ya kliniki inayojulikana hata kwa mwenyekiti wa kitongoji. Hospitali inayokataa kumlaza mgonjwa wa akili kwa kuogopa fujo zake imebagua, na msalaba ulioko juu ya lango lake hauubadilishi ubaguzi huo.

Upande wa Serikali, hatua ni bayana. Dawa za msingi za magonjwa ya akili zifike kwenye vituo vya afya na zahanati kwa ratiba isiyokatika, maana mgonjwa aliyekosa sindano kwa miezi miwili ni mgonjwa anayerudi upya wodini kwa gharama kubwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itekelezwe kwa namna ambayo mtu aliyetengwa na ukoo wake, asiye na kitambulisho wala anwani, naye ataingizwa. Waratibu wa afya ya akili wilayani wapewe usafiri, wasibaki ofisini. Vituo vya kanisa vinavyowatunza watu hawa kwa miaka mingi vipewe ruzuku ya uhakika kwa mujibu wa makubaliano, na vilevile vikaguliwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hii ilijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kuiingiza huduma ya afya ya akili kwenye zahanati za kawaida. Kwa hiyo wazo hilo si geni kwetu. Tulilianza tukiwa maskini kuliko leo.

Ukaguzi tunaousema uwahusu wote, wakiwemo watu wema. Kazi ya mikono humponya mgonjwa pale anapoichagua, anapoweza kupumzika, na pale faida yake inaporudi kwenye matunzo yake au mfukoni mwake. Ikigeuzwa kuwa kibarua cha bure kwenye shamba la mwenye kituo, ni unyonyaji uliovishwa kanzu. Kila kituo kiwe na daftari linaloonyesha mgonjwa aliingia lini, nani alimleta, anatumia dawa gani, alionwa na daktari lini, na atatoka lini. Kituo kisicho na jibu la swali la mwisho kinapaswa kutazamwa kwa jicho kali.

Upande wa makanisa, tunapendekeza jambo lililo ndani ya uwezo wao kesho asubuhi. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo zinazokutana kila wiki majumbani. Walutheri, Waanglikana, Wamoravian na Wapentekoste nao wana ibada za nyumba kwa nyumba na vikundi vya mitaa. Hakuna idara ya Serikali yenye mtandao ulioingia uani kwa watu kiasi hicho. Jumuiya yenye familia 20 hujua nani hakulala usiku, nani ameanza kuongea peke yake, nani ameacha kutoka nje. Hospitali hujua hayo baada ya vioo kuvunjwa.

Jumuiya ya namna hiyo ikimpokea mgonjwa mmoja anayetoka hospitali, kazi yake si kubwa. Mmoja amsindikize siku ya kliniki. Mwingine ahakikishe vidonge vimemezwa na chakula kipo. Wengine wampumzishe mama yake angalau siku moja kwa wiki, kwa sababu anayeuguza naye huchoka, na mara nyingi ni mama mzee au dada aliyeacha shughuli zake zote. Fundi seremala wa jumuiya amchukue karakana asubuhi chache apige randa. Nauli ya kliniki itoke kwenye mfuko wa jumuiya kama inavyotoka ya msiba. Tunachangia mamilioni kumzika mtu ambaye tulishindwa kumchangia nauli ya kufuata sindano.

Kwa ngazi ya juu, tunawasihi maaskofu na wachungaji viongozi wafanye mambo matatu mwaka huu. Kila hospitali ya kanisa iwe na kliniki ya akili inayofanya kazi kwa siku zinazojulikana. Jumapili iliyo karibu na Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, itengwe sadaka kwa ajili ya wagonjwa hawa na vituo vinavyowatunza, na mapato yake yatangazwe. Na itoke barua ya kichungaji, isomwe kwenye kila kigango na kila mtaa, ikitamka kwamba hakuna mtumishi wa kanisa anayeruhusiwa kumfunga mgonjwa, kumpiga, kumlazimisha kufunga kula au kumwambia aache dawa. Atakayekiuka avuliwe huduma na apelekwe kwenye vyombo vya sheria.

Kwa familia, tunasema kwa upole. Mficha maradhi, kilio humfichua. Aibu imewafungia wengi kwenye vyumba vya uani miaka na miaka, wageni wakija wakiambiwa hakuna mtu. Ugonjwa wa akili si laana ya ukoo, na anayeanza tiba mapema hupona au hutulia kuliko anayecheleweshwa. Mpelekeni mgonjwa wenu hospitali kwanza. Mkimwombea, mwombeeni akiwa anatumia dawa.

Kwako wewe msomaji unayekwenda kanisani, ombi letu ni hili. Jumapili ijayo, kabla ya kutumbukiza sadaka, muulize padri wako, mchungaji wako au mzee wa kanisa swali moja: katika mtaa wetu, ni mgonjwa gani wa akili anayehudumiwa na kanisa hili, na anaitwa nani? Kama hakuna jina, basi undeni kamati ya watu watatu siku hiyohiyo, mwende kwa muuguzi wa kliniki ya wilaya, mpewe wa kuanza naye. Anzeni na mmoja.